Siku ya shule huanza Magharibi: ushauri wa mama wa Amu kwa mwezi wa Januari

Kila Desemba ikikaribia kwisha, kina mama wenzangu hapa Langoni, mtaa wa mji wa Amu (Lamu), huniuliza swali lile lile: unaiwezaje asubuhi ya shule, na watoto wanne, kila mmoja na sare yake na saa yake? Jibu langu halibadiliki. Ishughulikie jioni. Kwetu sisi siku mpya huingia jua likituwa, wakati wa Magharibi, na mzazi akiufuata mpango huo huo kwa mambo ya shule, Alfajiri humkuta kazi kubwa imeshakwisha. Na mwaka wa shule nao una jioni yake, ambayo ni Desemba, wakati sisi sote tuko kwenye harusi na wageni.

Kwangu mdogo yuko PP2 (mwaka wa mwisho wa chekechea), wa pili gredi ya 4, wa tatu gredi ya 7, na mkubwa ameingia gredi ya 10, bweni. Baba yao kazi yake ni ya boti, hutoka kabla hakujapambazuka. Kwa hiyo asubuhi ni mikono yangu na ya mamangu, bibi yao. Nayasema haya ili ujue ushauri huu umetoka katika nyumba ya aina gani.

Nianze na sare. Wazazi wengi hukimbilia kununua mashati matano kwa mtoto mmoja, pesa zikaisha kabla ya kufika kwenye viatu. Hapa kwetu mawili yanatosha. Januari ni kaskazi, jua kali na upepo mkavu, na shati lililofuliwa Alasiri huwa limekauka kabla ya Isha. Sharti ni lifuliwe mtoto anapolivua, lisingoje mwisho wa wiki. Soksi nyeupe zina shida yake, maana vichochoro vyetu vina vumbi na vina punda. Ziloweke kwenye maji ya sabuni mara tu zinapovuliwa, la sivyo wiki ya pili tu zimeshakuwa kahawia. Maji ya mfereji nayo usiyategemee. Jaza pipa siku yanapotoka, hata kama unaona una ya kutosha. Na pasi ipigwe kabla ya Isha, kwa sababu umeme ukikatika Alfajiri huna la kufanya. Mamangu bado anaweka pasi yake ya mkaa karibu, na naona ana haki.

Kisha mabegi. Mtoto akishamaliza kazi ya nyumbani, begi lifungwe na litundikwe kwenye msumari wake karibu na mlango wa kutokea. Kila mmoja na msumari wake. Daftari lililotafutwa asubuhi chini ya kitanda ndilo linaloleta kelele, machozi na kuchelewa. Kwa mtoto wa PP2 mimi hulifungua begi mwenyewe, maana walimu hutuma vikaratasi, na vikaratasi hivyo mtoto hakwambii habari yake.

Chakula cha asubuhi ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu nawaona watoto wanaofika shule na tumbo tupu au na pakiti ya chipsi za dukani. Mahamri ni kazi ya usiku. Nakanda unga kilo moja na sukari, iliki niliyoitwanga, hamira, na tui zito lililo vuguvugu, mpaka donge lisinate tena mkononi. Nafunika na kitambaa kibichi, naweka juu ya meza, nalala. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba usiku wa Januari una joto, na unga uliotiwa hamira ya kawaida ukiachwa mpaka Alfajiri hupita kiasi, ukawa na harufu ya uchachu na mahamri yakanywa mafuta. Tia nusu ya hamira uliyoizoea. Utakuta donge limeumuka sawasawa, limejaa bila kuporomoka. Baada ya sala nasukuma, nakata, nakaanga, na harufu ya iliki huwaamsha watoto kabla yangu. Mbaazi huwa zimechemshwa tangu jana. Asubuhi ni kutia tui tu na kuziacha zitokote kidogo. Na kuna siku nguvu hakuna. Siku hiyo nunua kwa jirani anayeuza, chai ya maziwa ichemke, watoto wale. Hakuna aliyeandika kwamba mama mwema ni lazima akaange mwenyewe.

Usingizi hauna njia ya mkato. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12 za kulala, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Desemba watoto wetu hulala saa tano, saa sita za usiku, wakizunguka na wenzao barazani na kwenye harusi. Huwezi kumvuta mtoto huyo arudi kulala saa mbili za usiku kwa siku moja tu. Anza wiki moja au mbili kabla ya shule kufunguliwa, urudishe kidogo kidogo, na simu zote zilale chumbani kwako. Wakubwa wangu huamka na adhana. Yule wa PP2 namwacha mpaka saa kumi na mbili, kisha bibi yake anamchukua. "Ndoo, mwanangu, ndoo ule" (yaani njoo), na anakaa naye mpaka kikombe kiishe. Kama nyumbani una mtu mzima mwenye subira, mpe mtoto mdogo, wewe shughulika na wengine.

Njiani, wadogo wapite Usita wa Mui, ile njia kuu ya ndani ya mji, au vichochoro, wasipite pwani. Zamani pwani ilikuwa salama kabisa, lakini siku hizi bodaboda zimekuwa nyingi kule mbele na saa hiyo kila mmoja ana haraka. Wafunze pia kusimama na kuegemea ukuta punda wenye mzigo wa mawe wapite. Mtoto wa miaka 5 asiende peke yake. Mwenye gredi ya 4 amshike mkono mpaka mlangoni kwa mwalimu.

Sasa chuo, yaani madrasa. Kuna wazazi ambao Januari ikifika humtoa mtoto madrasa ili kumpunguzia mzigo, na mimi sikubaliani nao. Kinachomchosha mtoto ni saa zilizogongana, na saa hupangika. Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya darasani katika shule za kutwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa unusu alasiri, kisha michezo na shughuli nyingine hadi saa kumi na dakika arobaini na tano. Kwa hivyo wiki ya kwanza nenda kwa mwalimu wa darasa umwambie mtoto wako ana chuo na anatakiwa kufika saa fulani, kisha nenda kwa ustadhi umwambie shule humtoa saa fulani. Mara nyingi wawili hawa hawajawahi kuzungumza, na wakijua hali ya mtoto humsaidia. Akitoka shule ale kitu cha maana kabla ya kwenda chuo, hata kama ni wali wa mchana na kipande cha samaki. Mtoto mwenye njaa hahifadhi sura. Na kazi ya nyumbani ya shule aifanye baina ya Magharibi na Isha, kabla usingizi haujamwingia.

Nakuja kwenye jambo ambalo ningependa kila mzazi wa visiwa hivi alisikie, nalo ni jina la mtoto kwenye karatasi. Majina yetu yana sura nyingi. Kuna Fatma na Fatuma, Swaleh na Saleh, Athman na Othman, Mohamed kwa herufi moja na Mohammed kwa mbili. Nyumbani yote ni sawa. Kwenye usajili wa shule, herufi moja humfanya mtoto awe watu wawili. Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachotumika kumsajili mtoto kwenye mfumo wa wizara, na akifika gredi ya 3 hupewa namba ya upimaji itakayomfuata katika mtihani wa KPSEA wa gredi ya 6 na wa KJSEA wa gredi ya 9. Jina lililoingia vibaya pale chini hupanda naye madarasa yote. Kulirekebisha mtoto akiwa gredi ya 2 ni barua na safari ya ofisini. Kulirekebisha baada ya matokeo kutoka ni kilio.

Chukua cheti, kitabu cha kliniki na ripoti ya shule, viweke pamoja mkekani, usome herufi kwa herufi. Tazama pia jina la baba na la babu, maana kuna mtoto aliyeandikwa kwa jina la babu shuleni na kwa jina la ukoo kwenye cheti. Tazama tarehe. Ukiona tofauti, usingoje Januari, wakati ofisi zimejaa na mwalimu mkuu ana foleni ya wazazi mlangoni. Na kama mtoto alizaliwa nyumbani kwa mkunga na cheti hana, elewa kwamba uzazi unatakiwa kusajiliwa ndani ya miezi 6; ukipita hapo ni usajili wa kuchelewa, unaodai ushahidi zaidi na muda zaidi. Walio Kizingitini, Kiunga au Ndau, ambao kila safari ya ofisini ni nauli ya boti na siku nzima, ndio wanaohitaji kuanza mapema kuliko sisi wa mjini. Ukishapata cheti, toa nakala kadhaa, na cha asili kisitoke nyumbani ila kwa lazima.

Nakala hizo zitakufaa pia kwenye basari, yaani msaada wa karo. Fomu za kaunti na za NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) huulizia cheti cha mtoto, kitambulisho cha mzazi, ripoti ya shule na mara nyingi barua ya chifu. Mwenye bahasha iliyo tayari hujaza fomu siku inapotoka.

Kuhusu pesa nitasema machache. Serikali hulipia masomo ya msingi, na shule za msingi za umma ziliacha karo tangu mwaka 2003, lakini kila mzazi anajua kuna chakula, sare, na michango. Mzigo hasa uko bweni. Kiwango cha karo cha wizara kwa shule za bweni za kitaifa kimekuwa Sh53,554 kwa mwaka, na kwa nyingine za bweni Sh40,535, kikigawanywa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Maana yake nusu ya mwaka mzima hukudai Januari. Kwa Sh53,554 hiyo ni Sh26,777 kabla hujanunua godoro. Mwenye mtoto gredi ya 9 aanze kuweka kidogo kidogo tangu Mei, hata kwa kikundi cha akiba cha mtaani. Na ukibanwa, nenda kwa mwalimu mkuu kabla ya siku ya kuripoti umwambie ukweli wa kiasi ulicho nacho na lini utaleta kilichobaki. Kukaa kimya ndiko kunakomfanya mtoto arudishwe nyumbani.

Mtoto wa bweni anayetoka kisiwani ana safari mbili, ya maji na ya barabara. Mabasi hutoka Mokowe, kwenye gati la ng'ambo bara, asubuhi, na wiki ya kufungua shule tiketi huisha, kwa hiyo kata mapema. Sanduku livushwe jana yake kama una jamaa Mokowe wa kulilaza. Kwenye boti mtoto avae jaketi la kuokolea hata kama bahari imelala na wenzake hawakuvaa. Boti za wiki hiyo hupakia watu na masanduku mengi, na ukiona imezidi, shuka ungoje nyingine. Nguo zake zote ziandikwe jina kwa uzi na sindano, maana wino huondoka kwa mafuo machache tu. Shuka, chandarua, ndara, taulo, kufuli mbili. Usimpe pesa zote mkononi.

La mwisho ni Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka na kwa miaka hii inaangukia muhula wa kwanza. Maana yake fundi cherehani wa mtaani kwako atakuwa na sare Januari na nguo za Idi mara baada yake. Mpelekee watoto Desemba, achukue vipimo mara moja, akushonee sare kwanza na kanzu na magauni ya Idi baadaye, umlipe kwa mafungu. Gauni la msichana anayekua liachiwe pindo la kufumua.

Mfungo ukiingia, mwambie mwalimu wa michezo ni nani kati ya wanao anayefunga, ili asimkimbize juani saa nane mchana. Yule mdogo asiyefunga huwa rahisi kusahaulika, nyumba nzima ikiwa haina jiko asubuhi. Mimi humtengea sehemu yake wakati wa daku, chai kwenye chupa na chakula kwenye hotipoti, na dadake anajua ni kazi yake kuhakikisha amekula kabla hawajatoka.