AS na mazoezi makali

Kuna anayeuliza kama ni kweli mwenye AS (aliyebeba kinasaba kimoja tu cha sikoseli, ugonjwa wa selimundu) anakatazwa mazoezi. Hapana, hakatazwi mazoezi wala mpira, aliyekwambia hivyo anachanganya na SS, mwenye vinasaba viwili, ambaye ndo mgonjwa mwenyewe wa sikoseli. AS karithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja tu na wengi wanazeeka bila hata kujua wanayo. Hatari inakuja ukijisukuma ghafla kupita uwezo, hasa juani na maji yameisha mwilini, misuli inakosa oksijeni, chembe za damu zinaanza kujikunja umbo la mundu, misuli inavunjika na uchafu wake unaenda kuharibu figo. Utafiti wa 2016 kwa wanajeshi weusi wa Marekani, karibu 48,000, ulikuta wenye AS hawafi zaidi ya wenzao, ila hilo la misuli kuvunjika hatari yake kwao ilikuwa juu kwa asilimia 54. Na Dale Lloyd, mchezaji mwenye AS wa futiboli ya Kimarekani katika chuo cha Rice huko huko Marekani, alifariki 2006 baada ya mazoezi makali ya timu, ndo kilichofanya ligi kubwa za vyuo kule zianze kupima wachezaji kama wana AS mwaka 2010.

Kwa hiyo anza taratibu, kunywa maji, ukisikia miguu imeisha nguvu ghafla acha hapo hapo hata kocha akifoka (makocha wengi wanadhani ni uvivu), na mkojo ukiwa rangi ya soda nyeusi kimbia hospitali. Wa kupanda Kilimanjaro muone daktari kwanza, kule juu bandama inaweza kuleta shida.