Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kuhusu muvi zangu za miaka ya 80

Mwanangu,

Meseji yako nimeikuta asubuhi, naona uliituma saa nane usiku, na hiyo saa nane nayo ntaigusia mbele huko. Umeniuliza, "Mama hivi kwanini kila nikikwambia nimebanwa unanitolea mfano wa muvi za miaka ya 80, kuna kitu cha kweli ulijifunza kule au unanichekesha tu ili nisilie?" Nimeisoma mara tatu. Nikasema hapana, hii siijibu kwa vile vikatuni vya kucheka, hii ni ya kukaa chini na kuandika, kwahiyo vumilia maana najijua nikianza.

Jibu ni ndiyo, nilijifunza. Na kukuchekesha nakuchekesha pia, mtu akishacheka masikio yanafunguka, lakini ile mifano naiamini yote.

Ujue sisi tumekulia kwenye mikanda ya video. Muvi moja unaiangalia mara ishirini kwasababu ndo hiyo hiyo iliyopo, kipande unachokipenda unakirudisha nyuma mpaka picha inaanza kuingia mistari, na kitu ukikiangalia mara ishirini utaona mengi. Mara ya kwanza unamwona stelingi anavyopiga watu. Mara ya kumi unaanza kuona kumbe anaogopa. Ukiendelea kuangalia unaona kwamba kila aliponusurika kuna mtu alimshika mkono, na mara nyingi ni yeye mwenyewe aliyemwita.

Chukua Die Hard ya 1988. Wenzangu wote walikuwa wanasimulia milipuko, mimi nilikuwa nasimulia miguu. Yule askari John McClane yuko kwenye ndege, abiria wa pembeni yake anamshauri kwamba ukifika vua viatu na soksi, tembea kwenye kapeti huku unakunja vidole, uchovu wa safari unaisha. Kweli kafika kavua, na majambazi nao wakachagua muda huohuo kuvamia jengo, basi muvi nzima jamaa anapigana pekupeku, na mkubwa wa majambazi alipogundua hana viatu akaamuru wapige risasi vioo ili sakafu yote ijae vigae. Tangu nimeiona ile mpaka leo ndala zangu zinalala kando ya kitanda, zimeelekea mlangoni, wewe mwenyewe umeziona miaka yote na hukuwahi kuuliza kwanini. Sasa kilichonishika zaidi ni ile redio ya upepo. Upande wa pili kuna askari mwenzie yuko chini barabarani, hawajawahi kuonana sura, na ni huyohuyo ndo McClane anamwambia ukweli wote, anachomoa vioo miguuni huku anamwambia kwamba anahisi hatoki humo mzima. Yaani mwanaume anavuja damu, analalamika, anaongea na mtu asiyemjua, na bado ndo stelingi. Mimi nilikuwa binti mdogo nimezoea mastelingi wasiosema hata "ah", nikashangaa sana kwamba inaruhusiwa.

Alafu Indiana Jones, Raiders of the Lost Ark ya 1981. Profesa mzima, anakimbizana na jiwe kubwa kama nyumba, lakini nyoka hawataki kabisa na anatamka wazi toka mwanzo wa muvi, kwenye kile kindege, bila kuona haya. Kazi ikampeleka kwenye shimo limejaa nyoka tupu, akalalamika, akashuka. Kulalamika alilalamika na kushuka alishuka, vyote viwili, na hakuna aliyemnyang'anya kofia yake. Na kuna kile kipande cha jamaa mwenye upanga anayeuzungusha zungusha kwa mbwembwe, Indiana anamwangalia kwa uchovu, anachomoa bastola anamaliza kazi. Watu wanakicheka mpaka leo. Kipande kile kilipangwa kiwe pambano refu la mjeledi na upanga, walikuwa wanapiga picha Tunisia, na Harrison Ford alikuwa hoi, tumbo linamuendesha, akaomba wakifupishe. Ndo ikatoka hivyo. Kwahiyo kile kipande kizuri kuliko vyote kimetokana na mtu kusema jamani leo siwezi ninaumwa, na wewe mwezi uliopita umeenda kazini na homa siku mbili hujamwambia mtu, nimeyasikia kwa mdogo wako.

Sasa The Karate Kid, 1984, maana hii najua utanirudishia mwenyewe. Utasema mama si wewe uliyenisimulia Daniel alivyopigishwa kazi, kung'arisha magari, kusugua sakafu ya mbao, kupaka rangi uzio, alafu nyumba nzima, na mwalimu wake, Mzee Miyagi, hamwambii ni za nini, kumbe ndo anafundishwa karate humohumo. Na kila mtu anayeisimulia anasema tazama, uvumilivu. Mimi nilikuwa nasema hivyohivyo mpaka nilipoanza kuiangalia na nyie mkiwa wadogo. Angalia vizuri ule usiku wa mwisho wa zile kazi. Daniel amechoka, mabega yanauma, anamjia mzee juu, anamwambia wazi kwamba siku zote hizi umenifanya mtumwa wako hujanifundisha kitu. Ni HAPO ndo mzee anamsimamisha na kumwonyesha kwamba ule mkono wa kung'arisha gari ndo mkono wa kukinga ngumi. Angekaa kimya angepaka rangi na nyumba ya jirani. Mzee alikuwa na mpango, sawa, ila maelezo yalikuja siku kijana alipofungua mdomo, na hata hakuufungua kwa adabu, nasikitika kusema. Wewe ufungue kwa adabu. Lakini ufungue.

Maana naijua shida yako ilipo, ingawa kwenye meseji umeizungukazunguka. Miezi minne kazini, umepewa ripoti hujui pa kuanzia, bosi anadhani unajua, na wewe umeshaitikia "sawa" mara nyingi mpaka unaona ukiuliza sasa hivi utaonekana ulikuwa unadanganya.

Kuna muvi inaitwa Big, ya 1988, Tom Hanks. Mtoto wa miaka kumi na mbili ameomba awe mkubwa, kaamka asubuhi ana mwili wa mtu mzima na akili yake ileile, kapata kazi kwenye kampuni ya midoli. Siku moja wako kwenye kikao, wakubwa na tai zao, kuna mtaalamu anawasilisha mdoli ambao ni jengo linageuka roboti, ana michoro ana tarakimu, wote wanatikisa vichwa. Josh, ndo huyo mtoto wetu, ananyoosha mkono anasema haelewi. Wanamwelekeza kwenye tarakimu, anasema bado haelewi, kuchezea jengo kuna raha gani? Na kikao kizima kinageuka, kwasababu ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa anaona raha ya kuchezea jengo, walikuwa wanasubiri tu mwenzao aanze. Nilipenda sana pale. Aliyeiongoza ni mwanamke, Penny Marshall, na ndo ilikuwa muvi ya kwanza iliyoongozwa na mwanamke kuvuka mapato ya dola milioni 100 kwenye majumba ya sinema ya Marekani, nakwambia hili kwasababu nataka ulijue tu.

Kwahiyo kesho nyoosha mkono. "Bosi sehemu hii sijaielewa, naomba dakika kumi." Basi, hayo maneno yanatosha.

Sasa ile saa nane usiku. Gremlins, 1984. Kijana kaletewa zawadi, kile kinyama kizuri chenye masikio makubwa, na masharti matatu: kisipigwe na mwanga mkali, kisiguswe na maji, na kisilishwe chochote baada ya saa sita usiku. Hili la tatu tulikuwa tunabishania sana na shangazi yako, baada ya saa sita mpaka saa ngapi? maana hata saa tano asubuhi ni baada ya saa sita usiku. Hatujapata muafaka hadi leo. Kinyama kikalowa maji vikazaliwa vingine, lakini angalia yule kijana alivyokosea, hakuwa mkaidi, alitazama saa ikamwonyesha bado mapema akavilisha, kumbe waya wa saa umeshatafunwa na saa imesimama zamani. Na vile vinyama vikageuka vikavuruga mji. Mwanangu ikifika usiku ule saa ya kichwani mwako nayo inakuwa imesimama, unajiona uko sawa na uko macho kumbe unalisha mawazo ambayo asubuhi yatakuwa na meno. Kila kitu ulichoniandikia saa nane kuhusu wewe mwenyewe, kwamba hufai, kwamba watakufukuza, kwamba ulikosea hata kusomea hii fani, sikipokei. Niandikie tena saa mbili asubuhi ukiwa umekunywa chai tuone vimebaki vingapi.

Ya Terminator nasema haraka. 1984, Schwarzenegger anafika kaunta ya polisi, anaambiwa asubiri, anasema atarudi, na kweli anarudi na gari zima kupitia ukutani. Alichokuja kufanya sikisifu hata kidogo, ila akisema anarudi anarudi. Wewe uliniambia "ntakupigia mama" Jumanne ya wiki iliyopita.

Back to the Future nimeiacha huku mwisho kwa makusudi. 1985. Marty anarudishwa na gari mpaka mwaka 1955 na anakutana na wazazi wake wakiwa vijana. Watu wanaona ni kituko, na kweli ni kituko, mama yake anampenda hajui kama ni mwanae, nilikuwa nacheka mpaka naziba macho. Lakini kile kilichonikaa rohoni ni baba yake, George. Yule kijana anaandika hadithi usiku na hamwonyeshi mtu hata mmoja, anaogopa wataambiana ni mbovu. Marty siku zote alijua baba yangu yuko vile tu, amezaliwa amepinda mgongo, hakujua kwamba kuna kijana pale aliyekuwa anataka kitu na anaogopa.

Ungerudi nyuma ukanikuta mimi na miaka ishirini na nne, mwanangu, ungenikuta chooni kazini nalia. Kazi yangu ya kwanza nilipewa vitabu vya hesabu nikasema ninajua. Sikuwa najua. Miezi mitatu nimekaa na yale makosa nayafunika na makosa mengine, silali, nimekonda, na nyumbani nasema kazi nzuri tu. Aliyeniokoa ni mama mmoja mtu mzima wa meza ya jirani, siku moja akaniuliza tu "binti unaumwa?" na nikamwaga yote. Akavuta kiti. Tulimaliza kurekebisha kwa siku nne. Siku nne, na mimi nimeteseka miezi mitatu! Sikuwahi kukusimulia hili kwasababu nilitaka unione niko imara, na naona sasa nilikosea, maana umekua unadhani mimi nilizaliwa najua.

Na kumbuka wanavyomrudisha Marty nyumbani. Gari linahitaji nguvu ya radi ndo lirudi, na ile radi inapiga mnara wa saa saa nne na dakika nne usiku, hata sekunde haisubiri. Dokta Brown, ndo aliyelitengeneza lile gari, yuko juu ya mnara ananing'inia kuunganisha nyaya na upepo unampiga, Marty yuko barabarani kwenye gari inabidi afike maili 88 kwa saa. Dokta hawezi kuendesha na Marty hawezi kuwa juu kule. Na wasingejua hata radi itapiga lini kama Marty asingekuwa na kile kikaratasi mfukoni kilichoeleza radi ilivyoupiga ule mnara, alichopewa barabarani na akakitunza kwasababu tu mpenzi wake aliandika namba ya simu nyuma yake.

E.T. wa mwaka 1982, kile kiumbe cha anga nyingine kilichoachwa duniani, wewe ndo ulikuwa unamlilia kila mara, alitaka kupiga simu kwao akaiunda mwenyewe kwa mwavuli, sahani ya santuri, msumeno wa duara na ule mdoli wa watoto wa kujifunzia herufi. Yeye alikuwa anatafuta kwao nyota nyingine kabisa na akawapata. Wewe simu unayo mkononi na namba yangu ndo ya kwanza.

Kesho ukishaongea na bosi nipigie. Asikuelewe, akuelewe, nipigie vilevile. Ntakuwa macho mpaka saa nne na dakika nne, baada ya hapo nimelala na ndala ziko kando ya kitanda, nipigie tu ntaamka.

Mama yako