Dawa zinazokuzwa kwenye seli: majibu kwa wasomaji wa Kusini

Maswali yaliyoingia safari hii yametoka Kilwa mpaka Newala, na mengi yanahusu dawa na chanjo zinazotengenezwa na seli hai. Nimeyachukua yale yanayogusa watu wengi.

Mzee, Kilwa Kivinje: Kijana wangu anasema insulini ninayojichoma inatoka kwa nguruwe. Mimi ni Mwislamu. Niendelee nayo?

Shikamoo mzee wangu. Kijana hajazusha. Zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini iliyotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, na ya siku hizi karibu yote hutengenezwa na bakteria au hamira. Jambo moja sitakuficha: viwanda vya dawa hutumia kimeng'enya cha kukata protini kiitwacho tripsini, na kwa miaka mingi kilitoka kwenye kongosho la nguruwe. Vingi vimekuwa vikihamia tripsini inayotengenezwa na vijidudu, hasa kwa kuogopa virusi vya mnyama kuingia kwenye dawa. Mpelekee mfamasia chupa yako akusomee maelezo yake, na hukumu ya dini muulize sheikh. Ila nakusihi, sindano usiiache hata siku moja ukisubiri jibu.

Mwanafunzi, Ndanda: Kama hamira inaweza kutengeneza insulini, kwa nini dawa ya saratani ya matiti, trastuzumabu, itengenezwe kwa seli za mnyama na iwe ghali vile? Bei itashukaje?

Insulini ni protini ndogo, ina asidi amino 51. Trastuzumabu ni kingamwili: ina zaidi ya 1,300, zimekunjwa kwa namna yake, na juu yake zimebandikwa sukari ambazo bakteria wa kawaida hawawezi kuzibandika. Kazi hiyo hupewa seli zilizotokana na ovari ya hamsta wa China, mnyama mdogo wa jamii ya panya. Mtafiti Theodore Puck ndiye aliyezitenga, Marekani, mwaka 1957.

Wewe wa Kusini unaujua uraka. Mabibo yakikamuliwa, hamira inajileta yenyewe na kazi inakwenda. Seli ya mnyama haiko hivyo. Haina ukuta mgumu, kwa hiyo kiputo cha hewa kikipasuka jirani yake, nayo inaweza kupasuka. Ndiyo maana kwenye mchuzi wake, yaani maji ya virutubisho inamokuzwa, hutiwa kemikali ya kuikinga. Tena hujigawa kama mara moja kwa siku, wakati bakteria anaweza kujigawa kila dakika 20. Bakteria mmoja akipenya leo, kesho tangi ni lake.

Miaka ya 1980 lita moja ya mchuzi huo ilitoa miligramu makumi tu za protini. Leo gramu 3 hadi 5 ni jambo la kawaida. Seli hazikubadilika kuwa za ajabu, ila watu walijifunza kuzilisha. Ukizimwagia glukosi nyingi kwa pamoja, zinatoa asidi ya laktiki, zinajichafulia makazi na kufa mapema. Sasa hulishwa kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi, na katikati ya safari joto hushushwa kutoka nyuzi 37 hadi 33 hivi. Hapo zinapunguza kujigawa lakini zinaendelea kutengeneza protini. Mbinu hiyo ya kushusha joto naipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji mtambo mpya.

Mavuno yalipopanda, foleni ikahamia kwenye kusafisha. Kingamwili hunaswa kwenye mnara uliojaa chembe zenye protini A, protini inayoishika kingamwili, na chembe hizo ni ghali mno. Kisha hukalishwa kwenye asidi kuua virusi, halafu hupitishwa kwenye kichujio chenye matundu ya nanomita 20 hivi. Ukiniuliza bei itashukia wapi, nitakuonyesha hapo kwenye kusafisha, na kwenye ushindani wa viwanda vinavyotengeneza dawa inayofanana nayo baada ya hataza, yaani haki ya mgunduzi kuitengeneza peke yake, kuisha.

Mama, Newala: Mwanangu aling'atwa na mbwa. Nimesikia chanjo yake inakuzwa kwenye figo za tumbili. Haitamdhuru?

Pole sana mama. Ni kweli chanjo nyingi za kichaa cha mbwa hukuzwa kwenye seli za Vero, zilizoanzia kwenye figo ya tumbili mmoja huko Chiba, Japani, mwaka 1962. Tangu hapo seli hizo huzalishwa maabara. Hupandwa juu ya vishanga vidogo kuliko punje ya mchanga mnene. Gramu moja ya vishanga vya aina inayotumika sana ina eneo la sentimita za mraba zaidi ya 4,000. Virusi huvunwa, huuawa, kisha husafishwa. Chanjo ya kuogopwa ilikuwa ile ya zamani ya sindano nyingi za tumboni, iliyotengenezwa kwa ubongo wa wanyama, ambayo iliweza kudhuru neva. Mkamilishie mtoto dozi zote. Na mtu aking'atwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 kabla hata ya kutafuta bodaboda.

Mkulima, Tandahimba: Hapa nchini tunaweza kutengeneza chanjo kama hizo?

Za mifugo tunatengeneza. Chanjo ya mdondo wa kuku, aina ya I-2 inayostahimili joto, hutoka Kibaha, ingawa hiyo hukuzwa kwenye mayai.

Muuguzi, Liwale: Chupa za chanjo ya pentavalenti, ile ya magonjwa matano kwa sindano moja, ziligusa barafu, zikaganda, zikayeyuka. Kibandiko cha VVM, kile cha kwenye chupa kinachobadilika rangi, bado kizuri. Nizitumie?

Hapana, dada. VVM hupima joto, haioni baridi. Protini za chanjo hiyo zimeshikamana na chumvi ya alumini, na zikiganda hushikana mabonge. Ukiwa na shaka tu kama chupa imeganda, gandisha kwa makusudi nyingine ya toleo lilelile, iyeyushe, zitikise zote mbili pamoja, uziweke mezani nusu saa. Ile yenye shaka ikitua chini haraka sawa na uliyoigandisha, haifai. Safari ijayo acha vibarafu nje mpaka ukivitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo uvipange kwenye sanduku. Hizo ulizonazo zitenge, ziandike, umjulishe mratibu wa chanjo wa wilaya.