Fiksi na ya gia: kwa nini Dodoma naendesha zote mbili

Watu huniuliza za nini baiskeli mbili wakati miguu ni ileile. Huwa nawajibu: upepo, na kilima cha UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma.

Kwa asiyeijua, fiksi haina frii. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, utake usitake. Ukiwa kwenye mteremko huwezi kutulia tu ukala upepo. Ukitaka kupunguza mwendo, unazikazia pedeli zinapokuja juu kwa nyuma. Naipenda kwa mizunguko ya mjini, Area D, Sabasaba, Majengo, kwa sababu haina mashine ya kubadilisha gia ya kujaa vumbi la kiangazi. Ukifuta mnyororo na kutia mafuta kidogo, umemaliza.

Kabla hujanunua, hesabu meno yanayoshika mnyororo. Nyingi huja na 46 mbele na 16 nyuma. Mimi nimeweka 18 nyuma. Hapo mzunguko mmoja wa pedeli unanisogeza mita 5.4 hivi, na nikikanyaga mizunguko 80 kwa dakika nakimbia karibu kilomita 26 kwa saa. Kwa tambarare inatosha kabisa. Sasa shuka kutoka UDOM kwa kilomita 45 kwa saa: miguu inatakiwa izunguke karibu mara 140 kwa dakika! Kwa hiyo breki ya mbele ni lazima. Vijana wanaoing'oa ili baiskeli ipendeze, shauri yao.

Kati ya Julai na Septemba, ule upepo wa kusini-mashariki ukianza, kwenda Ihumwa au Mtumba natoka na ya gia. Nashusha gia, miguu inaendelea kwa mwendo wake uleule. Kwa fiksi ungekuwa unasukuma ukuta. Safari ndefu za kuelekea Kondoa nako ni hivyohivyo, vilima haviishi.

Mkitoka wawili, mmoja fiksi na mwingine gia, elewaneni mapema. Mwenye fiksi hupanda kwa kasi aliyokuja nayo, akiipoteza katikati ya kilima atasimama kwenye pedeli mpaka juu, kwa hiyo usimzibie njia. Kwenye mteremko mwenye gia ataondoka bila hata kukanyaga, basi amsubiri mwenzake chini.

Halafu kuna mbigiri. Pancha ya nyuma kwenye fiksi inataka spana namba 15, maana gurudumu limefungwa kwa nati, na ukilirudisha hakikisha mnyororo unacheza kama sentimita moja katikati, usilegee zaidi. Mnyororo ukichomoka kwenye meno ukiwa kasi, gurudumu linaweza kujifunga. Na usiuguse kwa kidole wakati gurudumu linazunguka, hata kwa kuufuta tu. Kwenye ya gia pedeli ungeweza kuzishika zikatulia. Hapa kidole kinaingia na meno hayasimami. Kamba za viatu nazo zichomeke ndani.