Nimemaliza kemo ila mwili bado haujarudi: jibu kwa dada wa mkono unaovimba

Dada pole, na hongera kwa kumaliza kemo na mionzi ya saratani ya titi. Umesema ni miezi 4 sasa, bado unachoka hovyo, mkono wa upande uliofanyiwa opresheni ya titi unavimba, na mama mkwe anakuletea mizizi anataka uache tamoxifen, ile dawa ya kuzuia saratani isirudi. Nimepita humo humo.

Uchovu huo sio uvivu, unaweza kukaa miezi mingi, na kulala kutwa ndo kunauzidisha. Anza kutembea dakika 10 jioni, ukizoea unaongeza mdogo mdogo. Kula kawaida tu, dagaa, maharage, mchicha, matunda, usihangaike na hayo majuisi ya bei mbaya wanayouza WhatsApp.

Mkono ndo usiuchezee. Ndoo ya maji beba na mkono mwingine, ukilima vaa glavu, ukijikata osha haraka, presha na sindano waambie watumie mkono ule usio na shida, na omba mapema uonwe na mtu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) maana uvimbe ukikomaa kuutoa ni kazi. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, au una homa, hospitali siku hiyo hiyo.

Tamoxifen usiache! Wengi wanaimeza miaka 5 au zaidi, na mitishamba mingine inagongana nayo. Mama mkwe mjibu kwa heshima, "nitamuuliza dokta kwanza mama", halafu kweli muulize.

Ile hofu ya usiku kwamba saratani itarudi, wote tunayo, tafuta wenzio waliopona au mshauri nasaha. Ila ukiona uvimbe mpya, mifupa inauma haiachi au pumzi inakata, usisubiri tarehe ya kliniki.