Tiketi ya wajina wangu

Jumatatu asubuhi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, habari za kazi. Kwenye imeili yangu imeingia tiketi ya mtu nisiyemjua. Dar kwenda Istanbul, jina lipo, tarehe ipo, kila kitu kipo. Nifute au nifanyeje?"

Nilitaka kumjibu kwa neno moja tu, usifute, halafu niendelee na mzigo wangu. Nikajikuta nimeandika mpaka mteja wa kwanza kaingia dukani ananiangalia kama nimerogwa. Sasa nalimalizia hapa, maana najua wengi mnaonisoma ni wapambanaji kama mimi. Leo uko Kariakoo, kesho Guangzhou, keshokutwa Dubai, na safari hizo zote zinapita kwenye imeili.

Imeili yangu niliifungua mwaka 2008, kwenye intaneti kafe moja ya Mwenge. Wakati ule majina mazuri yalikuwa bado hayajachukuliwa. Nikapata jina langu na la baba, bila namba, bila nukta, safi kabisa. Nilikuwa naringa nayo. Ila jina langu na la baba ni majina ya pwani. Ukiliita kwa sauti pale Temeke Mwisho, wanageuka wanawake watatu. Na hao watatu, pamoja na wenzao wa Tanga na Unguja, siku wakijaza fomu wanasahau zile namba za mwisho kwenye imeili zao, au aliyewajazia anazisahau. Wengine wanaweka nukta katikati wakidhani wamejitenga na mimi, wakati Gmail nukta haizihesabu hata kidogo. Kila kitu kinaishia kwangu. Nimewahi kupokea matokeo ya usaili wa kazi, madai ya ada ya mtoto, mwaliko wa kikao cha harusi uliotaja na kiasi ninachodaiwa. Na tiketi.

Ya kwanza iliingia Juni 2021. Dar es Salaam kwenda Muscat, kwenda tu, hakuna kurudi. Begi moja la kilo 30. Jina langu, la baba, na la ukoo, yote matatu kama yangu. Kwa nusu dakika nilidhani kuna mtu kanikatia tiketi.

Hapa naungama. Sikuifunga. Kwenye tiketi kulikuwa na ile namba ya bukingi, herufi na tarakimu sita, na kitufe kilichoandikwa "simamia safari yako". Nikabonyeza. Tovuti ikaniomba vitu viwili tu: zile herufi sita na jina la ukoo. La ukoo nililoandika lilikuwa langu mwenyewe. Mlango ukafunguka. Nikaona namba ya pasipoti, nikaona amezaliwa mwaka 1998, nikaona na namba ya simu. Ningetaka kumbadilishia kiti ningembadilishia. Nilitoka haraka, moyo unadunda kama nimechungulia chumba cha mtu. Baadaye ndiyo nikaambiwa kwamba tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, na kuingia kwenye mfumo usioruhusiwa ni kosa, hata kama mlango ulikuwa wazi.

Nikajitutumua kufanya jema, nikaliandikia shirika la ndege kwamba mnamtumia abiria wenu mambo yake kwa mtu mwingine. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: kwa ajili ya kulinda faragha ya abiria, hatuwezi kuzungumzia safari hii na mtu ambaye si abiria. Nilicheka mpaka machozi. Wao wenyewe ndio walionimwagia pasipoti ya mtoto wa watu mezani, halafu nikiwaambia wakaiokote wananikumbusha faragha! Nilimwonyesha jirani yangu wa dukani tukacheka wote, na hapo nilikuwa nimemsambaza wajina wangu kwa mtu mwingine tena. Hilo sikulifikiria siku hiyo.

Baada ya pale nikaacha. Imeili zikaendelea kuja, nunua kilo za ziada, chagua kiti, tuambie safari yako ilikuwaje. Nikawa nazisoma kama tamthilia. Februari 2023 ikaja tiketi ya kurudi, Muscat kwenda Dar. Chini, kwenye mahitaji maalumu, palikuwa na mstari mmoja: kiti cha magurudumu.

Binti wa miaka ishirini na kitu. Alikwenda na begi la kilo 30, anarudi anasukumwa. Nilikaa na ile simu mkononi nikiuangalia mstari ule, na hata sasa nikifunga macho nauona ulivyokaa, chini ya mlo, juu ya bei. Kisha mteja akauliza mkoba mwekundu ni shilingi ngapi, nikaiweka simu kwenye droo.

Sasa sikilizeni yaliyonipata mimi.

Oktoba 2024 nilikuwa naenda Guangzhou kwa mara ya kumi na moja. Sisemi kwa kujisifu, lakini nilianza na mtaji wa laki tatu na meza ya kuazima, kwa hiyo acheni nihesabu. Maonyesho ya Canton, yale ya biashara ya huko Guangzhou, yana awamu tatu, na sisi wa mikoba na viatu yetu ni ya tatu, iliyokuwa inafunguliwa tarehe 31. Tiketi nilikata kwa wakala ninayemwamini. Imeili nilimtajia kwa simu nikiwa Mtaa wa Congo, huku mwenye spika ananadi soksi, huku mkokoteni unanipigia kelele nipishe. Yeye akaandika anachosikia. Jina langu lina herufi mbili zinazofanana zilizofuatana. Akaandika moja.

Sikujua, maana tiketi yenyewe alinitumia WhatsApp, kama wote tunavyofanya. Ukiiona ile PDF unajua mambo yamekwisha. Kumbe ile ni karatasi tu. Shirika la ndege lenyewe linaongea na anwani iliyoko kwenye mfumo wao, na kwenye mfumo wao mimi nilikuwa mtu mwingine.

Siku ya safari nikatoka Tabata mapema, foleni ya Tazara nikaivuka bila shida, nikafika jengo la tatu la uwanja wa ndege saa mbili usiku kwa ndege ya saa tano na dakika ishirini na tano. Kwenye ubao ndege yangu haipo. Nikazunguka. Dada wa kaunta akaandika, akanyamaza, akasema: "Mama, hii iliondoka saa kumi na dakika hamsini jioni. Tulituma taarifa mara tatu." Nikamwambia sijapata hata moja. Akageuza skrini. "Hii si imeili yako?"

Herufi moja.

Kubadilisha tiketi kulinigharimu zaidi ya laki nane, na siku mbili za maonyesho zikanipita. Mzigo niliokuwa nauwinda, mwenzangu wa ghorofa ya pili akaupata kabla yangu, na Krismasi ile aliuza yeye. Nimemsamehe, hajafanya kosa lolote. Ila bado nikipita mbele ya duka lake naangalia pembeni.

Usiku ule ule, nikiwa nimekaa juu ya begi langu pale uwanjani, niliiandikia ile anwani yenye herufi pungufu. Nilikuwa na hasira. Siku mbili baadaye kaka mmoja akajibu kwa adabu tu: "Niliziona dada, zilikuwa tatu. Nikajua ni wale wa 'ile pesa itume kwenye namba hii'. Nikafuta. Nisamehe." Nilianza kumwandikia maneno makali, nikafika mstari wa pili nikamkumbuka wajina. Kaka huyu alidhani ni matapeli. Mimi nilijua kabisa kwamba si matapeli.

Niliporudi Dar nilikwenda ofisini kwa wakala, si kwa ugomvi, kwa kutaka kuelewa. Akaniwekea skrini nione. Kwenye mfumo wanaotumia, ile alama ya @ haiandikwi. Wanaweka mikwaju miwili, hivi: //. Ukiwa na mstari wa chini kwenye imeili yako, unageuka nukta mbili zinazofuatana, hivi: .. . Kwa hiyo anwani yako inatafsiriwa na mtu mwenye haraka, kwenye foleni, tena kwa kusikia. Na hakuna anayeulizwa "ni wewe kweli?" Ukituma elfu mbili kwa simu, jina la mpokeaji linatokea kabla pesa haijaondoka. Pasipoti yako, tarehe zako, mlo wako, ugonjwa wako, vinatumwa bila hata swali hilo moja.

Zile herufi sita nazo ni hatari kuliko tunavyodhani. Mwaka 2016 watafiti wa usalama wa kompyuta, Karsten Nohl na mwenzake, walisimama kwenye mkutano wa wajuzi huko Hamburg wakaonyesha kwamba namba hiyo inafanya kazi ya nywila huku imechapishwa kwenye tiketi na hata kwenye kile kikaratasi cha begi. Mwaka 2020 Tony Abbott, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Australia, aliweka Instagram picha ya pasi yake ya kupandia ndege. Kijana mmoja akasoma namba, akaingia kwenye tovuti, akaishia kuiona namba ya pasipoti ya mheshimiwa. Sasa wewe unayejipiga picha pale jengo la tatu, pasi mkononi, "Guangzhou nakuja", unamwonyesha nani? Wazee wetu walisema safari haitangazwi, tukawaona washamba.

Basi tubadilike, ndugu zangu. Imeili usiitaje kwa mdomo. Iandike, mtumie wakala kwa ujumbe, ainakili. Akikwambia ameshaandika, mwambie akusomee herufi moja moja. Ukishapewa tiketi, ingia wewe mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, fungua sehemu ya mawasiliano, uisome tena herufi moja moja. Najirudia kwa makusudi. Kama siku tatu zimepita tangu ukate tiketi na shirika halijakuandikia chochote, usifurahie utulivu huo, iangalie tena. Siku ya safari, asubuhi, uliza ndege inaondoka saa ngapi. Laki nane zangu zinawapa ninyi somo hili bure.

Na wewe wa Istanbul, ambaye ndiye ulinianzishia haya. Usifute. Usibonyeze "simamia safari". Usiitupe kwenye grupu la WhatsApp ukiuliza nani anamjua huyu, hata kwa nia njema. Angalia juu au chini ya tiketi: kama imekatwa kwa wakala, jina la ofisi na simu vipo. Mpigie wakala. Kama hakuna, lipigie simu shirika, na hapa ndipo mimi nilipokosea: usiulize, toa taarifa. Mimi niliandika kama mtu anayetaka kuzungumzia safari, wakajificha nyuma ya faragha. Wewe sema tu, "bukingi hii imewekewa imeili yangu, mimi si abiria, iondoeni," kisha uwape muda. Wakikupuuza, tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuna Tume ya kupokea malalamiko. Imeili yako ni taarifa yako na wewe pia.

Ni simu ya dakika mbili. Najua kwa sababu mwishowe niliipiga, mwaka jana, nimechelewa kabisa. Nilirudi kwenye tiketi ile ya kwanza ya Muscat, nikaikuta namba ya wakala pale pale ilipokuwa siku zote, hapa hapa Kariakoo, mitaa minne kutoka dukani kwangu. Nikampa zile herufi sita, nikasema imeili mliyoweka si ya abiria wenu.

"Huyu mbona alisharudi kitambo," akasema.

Nikauliza anaendeleaje.

"Kwani wewe ni nani yake?"

Sikuwa na jibu. Nikasema mimi ni wajina wake, na zile imeili zote zilikuwa zinakuja kwangu. Upande wa pili kukawa kimya, nikasikia tu printa inafanya kazi.

"Kumbe," akasema. "Yule binti alikuwa anapiga kila mara kutoka kule, analalamika hapati ujumbe wa ndege. Sisi tukamwambia hajui kufungua imeili."