Kijibwa cha kufuga ndani, Chumbageni

Salama dada. Umesema unaishi ghorofani Chumbageni, hapa Tanga, hujawahi kufuga mbwa, na muuzaji anakuharakisha ulipie kijibwa cha aina ya Pug cha wiki 5. Usilipe kwanza. Asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8. Nenda ukamwone huko huko alikozaliwa. Mwinue mkia: ukikuta kinyesi kimegandia manyoya, au macho yana tongotongo, ondoka. Dai kadi ya chanjo, hasa ya parvo, ugonjwa wa virusi wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa. Ya kichaa cha mbwa atachomwa akifika miezi 3.

Halafu Pug ana pua bapa, na joto letu la Januari humtesa kweli, anahema hata kivulini. Mimi ningechukua chotara mdogo mwenye pua ndefu. Wangu tunatembea naye hadi Raskazone bila shida. Kupe mkague kila jioni, ndani ya masikio na katikati ya vidole.